Ippon seoi nage ya kushika ukosi: kwa nini mwenzako habebeki

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, kilo 73, mkanda wa bluu. Mtupo wangu tangu naanza judo ni seoi nage ya mikono miwili (ule wa kumbeba mpinzani mgongoni na kumbwaga mbele), lakini miezi ya karibuni kiwiko cha kulia kinaniuma kila baada ya mazoezi. Kocha kaniambia nihamie kwenye ippon seoi nage, tena ile ya kushika ukosi badala ya mkono wa koti. Kwenye uchikomi, yaani kurudiarudia kuingia bila kubwaga, inatoka safi kabisa. Kwenye randori, pambano la mazoezi, naingia, lakini mwenzangu anabaki amesimama nyuma yangu kama vile hakuna kilichotokea, na wakati mwingine ananikumbatia kiunoni na kunibwaga kinyumenyume. Wenzangu wanasema nipige magoti tu, mambo yaishe. Nifanyeje?

Marahaba. Nianze na kiwiko, maana ndicho kilichokuhamisha.

Katika seoi nage ya mikono miwili, mkono wa kulia hauachii ukosi. Unageuka, kiwiko kinakunjwa na kuingia chini ya kwapa la mpinzani, kisha uzito wake unakaa juu ya mkono huo uliokunjwa. Kiwiko kikichelewa kuingia kinabaki kimetokeza nje, mkono unasokoteka, na kano za upande wa ndani wa kiwiko ndizo zinazolipa. Ni jeraha la kawaida sana kwa wanaoupenda mtupo huu. Kocha wako kakushauri vizuri: kwenye ippon seoi nage mkono wa kulia haushiki chochote, unapita mtupu chini ya kwapa na kubana mkono wa mpinzani kwenye kunjo la kiwiko, na mzigo unahamia begani na mgongoni. Ila usidanganyike kwamba kuhama peke yake ni dawa. Ile ya mikono miwili iache kabisa kwa sasa, hata kwenye uchikomi wa kupasha misuli, mpaka kiwiko kinyamaze. Na kama kinauma hata ukinyanyua ndoo ya maji, hilo ni la daktari, mimi silimalizi hapa.

Sasa kuhusu mtupo wenyewe. Wewe umehama mara mbili kwa wakati mmoja, na nadhani hakuna aliyekuambia. Kuhama kwa kwanza ni kwa mkono wa kulia, kutoka kushika kwenda kubana. Wengi huona ippon seoi nage ni seoi nage ileile iliyopunguziwa mkono mmoja, na huwezi kuwalaumu: hata Kodokan, makao makuu ya judo kule Tokyo, iliihesabu hivyo kwa miaka mingi, na ni mwaka 1997 ndipo ippon seoi nage ilipopewa nafasi yake yenyewe kwenye orodha ya mitupo. Kuhama kwa pili ni kwa mkono wa kushoto, kutoka mkono wa koti kwenda kwenye ukosi. Mkono wako wa kulia umejifunza kazi mpya. Wa kushoto umebadilisha mahali pa kushika tu, lakini bado unavuta kwa njia yake ya zamani. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Ukiwa umeshika mkono wa koti, unavuta kwa kuzungusha. Mkono wa mpinzani unanyooka, unafuata mzunguko wa mwili wako kuelekea kushoto, na bega lake linaufuata. Kwa mkono wa koti, njia hiyo ni sawa. Ipeleke kwenye ukosi uone: kinachozunguka ni koti. Ukosi unafunguka, kitambaa kinachomoka kwenye mkanda, na kifua chake kinabaki palepale. Wewe umeshageuka na kumpa mgongo, na kati yenu kuna nafasi ya kupitisha ngumi. Umesema anasimama kama vile hakuna kilichotokea. Ni kweli hakuna kilichotokea. Umegeuka, lakini yeye hujamvuta.

Ukosi huvutwa kwenda juu kwanza. Kushuka ni baadaye, na kuzungusha hakupo kabisa.

Hebu tuutazame huo mkono kwa karibu. Shika ukosi wake wa kulia kwa mkono wako wa kushoto, chini kidogo ya mtulinga, mkono wako ukiwa upande wa ndani wa mkono wake. Ukishika chini zaidi, usawa wa mbavu, utamwinamisha, na mtu aliyeinama huku makalio yako nyuma ameshajilinda. Ukishika juu sana, karibu na shingo, kiwiko chako hakitapata nafasi ya kunyanyuka. Nguvu ziwe kwenye vidole vitatu vya mwisho, kidole kidogo kikitangulia kubana. Gumba na kidole cha shahada vikae vimelegea. Kisha zungusha kifundo kidogo ili kitambaa kijikunje ndani ya ngumi. Watu huliruka jambo hili, nami naliona ni nusu ya mtupo. Koti la judo lina ulegevu mwingi, hasa dakika za mwisho za randori, mkanda ukiwa umelegea na kitambaa kimelowa jasho. Ulegevu huo unaumeza mvuto wako kabla haujaufikia mwili. Umalize kwanza, taratibu, bila kumshtua. Utahisi koti limekaza mgongoni mwake, na ukiliongeza hata kidogo tu mwili wake unajibu. Mvuto unaanzia hapo.

Mvuto wenyewe ni hivi: nyanyua kiwiko mpaka kifikie usawa wa bega lako, ngumi ije mbele ya paji la uso, kama mtu anayetazama saa aliyovaa mkononi. Visigino vyake vikiachana na mkeka, geuka. Visipoachana, usigeuke. Acha, tembea naye, jaribu tena. Ukinifuata kwa hilo moja tu, yale ya kukumbatiwa kiunoni yatapungua kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mtu aliyesimama kwenye vidole vyake hana nguvu ya kumkumbatia mtu yeyote.

Kiwiko cha kushoto kilichonyanyuka kina faida ya pili: kinafungua njia. Mkono wako wa kulia unapita chini yake, moja kwa moja, mpaka kunjo la kiwiko likae ndani kabisa ya kwapa lake. Funga ngumi na ukaze, mkono wake wa juu ubanwe kati ya misuli yako miwili. Mwenye kushika mkono wa koti anaweza kuwa mlegevu hapa, kwa kuwa mkono wake wa kushoto unasaidia kuushikilia mkono wa mpinzani. Wewe huna msaada huo. Hakuna kinachouzuia mkono wake ila hicho kibano. Kama umebana juu ya kiwiko chake tu, karibu na mwisho, atauchomoa na utajikuta yuko mgongoni kwako anatafuta shingo.

Miguu sina mengi ya kusema, maana umeshafanya seoi nage kwa miaka. Mguu wa kulia unaingia mbele ya mguu wake wa kulia, kwa ndani, unazungukia kwenye vidole, na wa kushoto unafuata nyuma. Nyayo zako ziwe ndani ya zake. Kunja magoti, usikunje kiuno: makalio yakitoka nyuma yanamsukuma mbali, na ile nafasi tuliyoiziba kwa mvuto inafunguka tena. Mkanda wako uwe chini ya mkanda wake. Uso ugeukie kushoto mapema, macho yatangulie, kwa sababu mabega hufuata kichwa.

Kifua chake kikishalala mgongoni kwako, na si kabla, mkono wa kushoto unabadilisha mwelekeo. Ulikuwa unakwenda juu. Sasa unashuka kuelekea mfuko wa kushoto wa suruali, ungekuwa na mfuko. Nyoosha magoti, bega lako la kulia lifuate goti la kushoto, naye anapita juu. Ukijikuta unatumia nguvu nyingi wakati huu, kosa lilifanyika mapema zaidi, usilitafute mwishoni.

Umesema kwenye uchikomi inatoka safi, na mimi sishangai. Mtazame mwenzako wa uchikomi. Mkanda wake umefungwa vizuri, koti limekaza, na kwa upole wake ameshaanza kukuinamia kabla hujamgusa. Amekufanyia kazi ya mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono huo haujawahi kujifunza chochote. Mwombe abadilike: asimame na visigino chini, alegeze mkanda, awe mzito, asikupinge wala asikusaidie. Uchikomi wako utaharibika mara moja. Usiogope, ndiyo hali yako halisi, na sasa una kitu cha kutengeneza. Fanya mizunguko mingine ya mvuto peke yake, bila kugeuka kabisa: maliza ulegevu, nyanyua kiwiko, tazama visigino, rudi. Ni zoezi la kuchosha na halipendezi kwenye video, ndiyo maana wachache hulifanya.

Halafu tafuta mtu wa tatu. Yeye anakaa nyuma ya mwenzako na kuushika mkanda wake, wewe unaingia kwa nguvu zote bila kubwaga. Kwa kuwa hawezi kuruka, utaona wazi kama umemvuta mtu au umevuta koti. Baada ya hapo uingie ukiwa unatembea, mbele, nyuma na pembeni, maana kwenye randori hakuna atakayekusimamia. Nagekomi, yaani kubwaga mfululizo, iwe kwenye godoro nene ikiwa lipo.

Hapo lazima niseme jambo kwa ajili ya mwenzako. Kwa kawaida anayebwaga hubaki ameshika mkono wa koti na kumnyanyua kidogo mwenzake anapotua, ili kichwa na bega visipige chini. Wewe huna mkono wa koti, una ukosi. Basi usiuachie. Anapokuwa hewani endelea kuuvuta kwenda juu hadi atue. Mkono wake wa kulia umebanwa kwako na wa kushoto ndio unaopiga mkeka. Mwambie mapema asije akajaribu kujizuia kwa kuutegemeza mkono huo chini. Viwiko vingi vimetoka kwa namna hiyo. Nawe usijirushe kwa kichwa kuongeza kasi: ni hatari kwa shingo yako, na kwa sheria za IJF, shirikisho la judo la dunia, kupiga mbizi kwa kichwa ni kutolewa mchezoni moja kwa moja.

Tuje kwenye magoti. Wenzako hawakudanganyi, mtupo wa kushuka kwa magoti upo na ni mkali. An Ba-ul wa Korea Kusini alifika fainali ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kilo 66, na silaha yake kubwa ni seoi ya kushuka chini kabisa. Lakini mtazame kwa makini kabla hajashuka: mpinzani ameshavutwa, uzito umeshakuja mbele. Magoti yanakuja kumalizia. Anayeshuka bila kuvuta anajikuta amepiga magoti mbele ya mtu aliyesimama wima, na mwamuzi akiona hakuna tishio lolote anamwadhibu kwa shambulio la uongo. Ugonjwa wako ni mvuto. Magoti yatauficha kwa muda, hayatauponya.

Kuna na suala la magoti yenyewe kama viungo vya mwili. Kumbi nyingi za kwetu zina mikeka migumu, mingine ni ya sponji nyembamba juu ya saruji. Japani, yenye mikeka mizuri kuliko yetu sote, hairuhusu watoto wa shule za msingi kuingia seoi nage kwa kupiga magoti yote mawili kwa pamoja. Wewe si mtoto, lakini tayari una kiwiko kibovu na sioni haraka ya kukiongezea goti. Jifunze kwanza kubwaga ukiwa umesimama. Kushuka utajifunza siku yoyote baadaye, tena kwa wepesi.

Ukitaka mtu wa kumtazama, mtazame Koga Toshihiko. Huyu alikuwa na ippon seoi nage ya kusimama ambayo mpaka leo makocha wanairudia polepole kwenye simu zao. Miguu yake ilikuwa ikiachana sana, mmoja mbele mmoja nyuma, na mguu wa nyuma ndio uliosukuma. Hakuhitaji kuchuchumaa chini ya mtu kama sisi wengine. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, kilo 71, akiwa ameumia goti siku chache kabla, mazoezini. Miaka miwili nyuma yake alikuwa amefika fainali ya ubingwa wa Japani usio na mipaka ya uzito, akashindwa na Ogawa Naoya aliyemzidi uzito kwa mbali. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 53. Nakutajia si kwa sababu nataka uige ile miguu. Ni ya mtu mwenye nyonga zake na miaka yake ya mazoezi, na wanaoiiga mapema huishia kuanguka kifudifudi. Tazama mkono unaovuta. Simamisha video kabla hajageuka, uone mpinzani amesimama juu ya sehemu gani ya nyayo zake.

Kukumbatiwa kiunoni. Sababu ya kwanza tumeshaiona. Ya pili ni kwamba ukikwama unakaa pale. Umeingia, hakubebeka, nawe unaanza kusukuma, kunyanyua, kuhangaika, ilhali mgongo wako uko wazi na mikono yake iko huru. Uamuzi ufanyike mara moja: amebebeka au hajabebeka. Kama hajabebeka, kwa kawaida ni kwa sababu ameegemea nyuma na kushusha nyonga, na mtu aliyeegemea nyuma anabwagwa nyuma. Usiachie kibano cha mkono wa kulia. Geuka nusu kumrudia, mguu wako wa kulia uupige kwa ndani mguu wake wa kulia karibu na kisigino, umlalie kwa uzito wako wote. Hiyo ni kouchi makikomi, ndugu wa karibu kabisa wa ippon seoi nage, na ukweli ni kwamba kwa mtu anayeanza, huyu ndugu atakuletea pointi mapema kuliko mtupo wenyewe. Zamani watu waliuvuta mguu kwa mkono pia. Siku hizi kushika miguu ukiwa umesimama kuna adhabu, kwa hiyo mkono ubaki juu, kwenye mkono wake.

Mkiwa mmezoeana naye, atakuwa anasubiri kouchi, atauondoa mguu na kuegemea mbele ili asianguke nyuma. Kuegemea huko mbele ndiko ulikokuwa unakutafuta tangu mwanzo. Kwa hiyo fanya na kinyume chake: anza na kouchi gari, yaani kuufyeka mguu wake kwa ndani, ya kumsumbua tu, kisha ippon seoi nage.

Kuna jambo moja zuri kuhusu mshiko huu ambalo kocha wako pengine alilifikiria. Mkono wa kushoto kwenye ukosi ndio mshiko wa mtu anayebwaga upande wa kushoto. Wengi wakiuona wanajiandaa kwa hatari ya kushoto, wanasukuma kifua mbele au wanakaza mkono wa kulia dhidi yako. Mkono uliokazwa na kunyooshwa ndio rahisi kuubana. Na anayekusukuma kwa kifua amekupunguzia mvuto. Msubiri asukume, rudi hatua moja, malizia ulegevu katika hatua hiyohiyo, ingia. Mwanzoni jaribu kwa mikanda ya chini yako na kwa watu wepesi kidogo, uone kama visigino vinanyanyuka. Kwa wenye mikanda ya kahawia wa ukumbi wenu subiri mpaka uone vinanyanyuka bila kutazama.

Mpinzani wa mkono wa kushoto atakusumbua zaidi. Mguu wake wa kulia uko nyuma, kwa hiyo kwapa unalolitaka liko mbali, na ukiliendea kwa hatua yako ya kawaida utageuka ukiwa nje ya mwili wake. Usimfuate kule. Zunguka ukielekea kushoto kwako huku ukivuta ukosi, mpaka alazimike kuuleta mguu wa kulia mbele ili asiyumbe, na uingie mguu huo ukiwa bado hewani. Asipouleta, mwache, tumia kitu kingine siku hiyo.